Mama Hamira Aacha Ngano

Jumanne, 3 Juni

Kidege,

Sikuulizi hali, maana jana nilikusikia kwenye simu ya Mama ukicheka mpaka simu ikakwaruza. U mzima. Nakuandikia kwa kalamu kama watu wa zamani kwa sababu simu ya nyumba hii haina siri. Nikiishika tu Mama anasogeza kiti, na kabla sijamaliza salamu ameshaninyang'anya. Hili ninalotaka kukwambia sitaki alisikie. Barua atakuletea dereva wa gari letu la mikate. Anapita mbele ya saluni yako kila Jumanne na Jumamosi, na majibu mpe huyo huyo.

Nimechoka, mdogo wangu. Sisemi ule uchovu wa mtu aliyefanya kazi akatamani kukaa. Huu naamka nao. Wiki iliyopita nililala nimesimama, mkono umeshika mlango wa tanuri, na trei mbili zikaungua mpaka moshi ukatokea mlango wa mbele. Mwenye bekari hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alinitazama, akasema taratibu kwamba ikitokea tena atamweka yule fundi mpya kwenye tanuri, mimi niende kufunga mikate kwenye mifuko. Mtaa mzima unaniita Mama Hamira, leo niende kufunga mifuko!

Siku yangu unaijua. Alfajiri niko bekari. Mikate ya kwanza ikitoka nakimbia nyumbani kumwogesha Mama na kumpa chai na vidonge vyake vya sukari, halafu narudi kazini. Mchana hivyo hivyo. Usiku ananiita kumpeleka msalani, maana miguu haimbebi, na nikishamrudisha kitandani usingizi wangu umeshakimbia. Simlaumu, ni mama yetu. Lakini mwili wangu ni mmoja.

Hivi kile chumba chako cha nyuma bado kiko tupu? Nauliza tu.

Dada yako


Jumamosi, 7 Juni

Dada, shikamoo.

Pole sana, tena sana. Nimesoma barua yako kichwa cha mteja kikiwa mikononi mwangu, nikamvuta nywele kwa uchungu mpaka akapiga kelele. Lakini sikiliza, dawa ninayo!

Nina mteja mmoja mwenye duka la viatu. Zamani alikuwa akikaa kwenye kiti changu analala, kichwa kinaanguka huku na huku, namsuka kama namsuka mtoto mchanga. Siku hizi anaingia anaruka. Nikambana aniambie siri. Kwanza ameacha ngano kabisa. Anasema ndani ya ngano mna kitu kinaitwa gluteni, kinakaa tumboni kama gundi na kunyonya nguvu zote. Pili, hali kitu mpaka saa sita mchana, na ikifika saa mbili usiku anafunga mdomo. Asubuhi ni maji tu, au chai kavu. Mwili ukipumzika kusaga chakula unapata nafasi ya kujitengeneza, ndivyo alivyoniambia.

Dada, na mimi nimeanza. Nakuapia, nasuka kutwa nzima na jioni bado natamani mteja mwingine. Wewe ndiye unayeishi ndani ya unga, unauvuta hata puani. Kwa nini usichoke? Anza kesho. Usingoje Jumatatu kama watu wote.

Chumba cha nyuma nimekijaza mashine za kukaushia nywele, zile mbovu zinazomngoja fundi. Hata paka hapati pa kupita. Halafu unamjua Mama na harufu ya dawa za nywele, atapiga chafya mpaka wateja wanikimbie. Tushughulike na nguvu zako kwanza.

Wako,
Kidege


Jumamosi, 14 Juni

Kidege,

Marahaba. Nimeanza. Si kwamba nimeamini, ni kwamba sina lingine la kufanya.

Kwanza nikufundishe kitu kuhusu hiyo gluteni yako. Ndiyo ninayoikanda kila siku. Ukivuta donge likanyooka bila kukatika mpaka ukaona mwanga upande wa pili, ni yenyewe hiyo inayolishika. Ukiiondoa mkate unasambaratika. Nimeilea kama mtoto miaka yote hii, leo msusi wa nywele ananiambia inaninyonya. Haya.

Nikajaribu mkate wa unga wa mchele. Ulitoka tanurini umenuna. Fundi mpya akaugonga kwa kisu, ukalia ko! kama mlango. Hakuna aliyethubutu kuutafuna. Sasa nashindia wali, viazi na mayai, na mchana nikila nakula kama nimefunguliwa kutoka gerezani, halafu tumbo linajaa upepo kutwa.

Lakini kazi kubwa ni asubuhi. Unajua Mama na mimi tumekula pamoja tangu nimhamishie hapa, sahani moja, yeye upande wake na mimi wangu. Sasa namwekea yake peke yake, mimi naosha vyombo nikiwa nimempa mgongo, maana nikiuona ule mkate na siagi nitavunja kila kitu. Ananiuliza, "Huli?" Namwambia nimeshiba. Sikumweleza habari za saa sita. Angekupigia simu hapo hapo, mnicheke wote wawili.

Kazini nako sionji tena. Wenzangu wananitazama kwa pembe ya jicho. Na hizo nguvu ulizoniahidi ziko wapi? Kichwa kinagonga, mikono inatetemeka, na jana nimemfokea muuza maziwa kwa sababu tu alinisalimia kwa furaha. Nikamfuata barabarani kumwomba radhi, na kurudi ile ngazi ndogo ya bekari nikaipanda kama napanda mlima.

Hukunijibu sawasawa kuhusu chumba. Mashine mbovu haziwezi kukaa uani?

Dada yako


Jumanne, 17 Juni

Dada, shikamoo.

Usikate tamaa! Yule mteja wangu anasema siku za mwanzo ndizo kipimo. Hayo maumivu ya kichwa ni sumu ya ngano inatoka. Yeye ilipomzidi alisogeza mbele zaidi, akawa anaanza kula saa nane mchana badala ya saa sita, ndipo mwili ukafunguka. Jaribu hivyo. Na usionje hata kidogo. Kipande kimoja kinakurudisha mwanzo.

Mama amenipigia. Anasema umenuna, huketi naye, unaosha vyombo kwa kishindo. Nimekutetea. Nimemwambia ndivyo ulivyo tangu utotoni, ukiwa na kazi nyingi unagombana na sufuria, asijali. Akasema "haya," akauliza habari za saluni. Kwa hiyo hilo nimelimaliza.

Mimi niko vizuri ajabu. Ngozi yenyewe imeng'aa, wateja wananiuliza napaka nini. Uani mashine zitanyeshewa, Dada, na fundi ameahidi kuja.

Kaza moyo,
Kidege


Jumanne, 24 Juni

Kidege,

Leo salamu sina.

Wiki iliyopita nilisahau chumvi. Zamani kosa kama hilo lisingefika dukani, maana mkate wa kwanza wa kila trei nilikuwa naukata, natafuna, ndipo nasema tayari. Safari hii niliukata, nikaunusa, nikaugonga chini nikasikiliza, sauti ikawa nzuri, nikasema tayari. Chumvi hainuki wala hailii. Asubuhi hiyo hiyo watu wakaanza kurudi na mikate mikononi. Yule fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara akasema mbele ya foleni nzima, "Mama Hamira, hebu onja mwenyewe." Akanimegea kipande akanipa.

Nilikishika kile kipande, Kidege, nikasita. Saa nane haijafika, na ni ngano, na wewe uliandika kipande kimoja kinanirudisha mwanzo. Nilisita kidogo tu, lakini wote waliona. Mwanamke mmoja akasema, "Mnaona? Mwenyewe hali!" Watu wakarudisha hata mikate ya maziwa ambayo haikuwa na kosa. Kufika jioni maneno yameshatembea mtaa wa pili kwamba bekari yetu inatia kitu kwenye unga, na Mama Hamira anakijua, ndiyo maana hagusi.

Mwenye bekari aliniita. Sasa nafunga mifuko. Fundi mpya yuko kwenye tanuri langu, ananiuliza kwa upole, "Mama, joto hili linatosha?" Upole wake unaniua kuliko matusi.

Tuje kwako. Barua yako ya mwisho niliikunjulia mezani kazini, yakadondoka makombo. Nimeanza kazi ya mikate wewe hujaota meno ya pili, unadhani siyajui makombo? Ni mkate wa ngano tupu, wa bekari yetu, umepakwa siagi ya karanga. Na alama ya kidole iko pale pale ulipoandika "niko vizuri ajabu." Nilicheka mpaka wenzangu wakaogopa, kisha nikalia.

Nilikwambia nimechoka, ukaniambia kosa ni la mkate. Nilikuomba chumba, ukanipa masharti ya kula. Hivi umewahi kujiuliza usiku Mama akitaka kusimama anamshika nani? Hujawahi, kwa sababu wewe wakati huo umelala, na ndiyo maana ngozi yako inang'aa. Nimekasirika sana na sioni haya kusema.

Na kwa uzuzu wangu bado nafunga kula mpaka saa nane. Nimeshaharibu kazi kwa ajili ya jambo hili, nikiliacha sasa nitakuwa nimeharibu bure. Hata kupika nimesahau kukadiria. Nikirudi jioni hotipoti ina wali wa mchana karibu wote, na Mama anasema amekula akashiba. Naona napika chakula cha harusi bila kujijua.

Dada yako


Jumamosi, 28 Juni

Mwanangu Kidege,

Mkono wangu unatetemeka, soma polepole. Nimemngoja dereva wa mikate dirishani nimpe mwenyewe, dada yako yuko kazini. Naye usimwambie kuwa nimekuandikia.

Dada yako hali tena na mimi. Ananiwekea sahani, ananigeuzia mgongo. Namuuliza huli, anasema ameshiba. Ameshiba nini? Mtu aliyeshiba hapungui namna ile, nguo zinamning'inia. Tena wamemtoa kwenye tanuri. Hakunieleza, lakini nimeona mikono yake haina alama mpya za moto. Basi nimeelewa. Kipato kimeshuka, chakula hakitutoshi wawili, anajinyima ili mimi nile na hataki nijue. Mimi niliwafanyia hivyo hivyo mlipokuwa wadogo. Nilikuwa nawaambia nimeshiba, kwa hiyo neno hilo nikilisikia nalijua.

Na mimi nimeanza kujinyima. Cha mchana nakirudisha kwenye hotipoti akute jioni. Mkate wa asubuhi natafuna pembe tu akiwa ananitazama, akiondoka naufunga vizuri nauweka na ile mingine. Ni chakula chake, ametoka jasho kukipata. Vidonge vyangu nameza kama kawaida, usiwe na wasiwasi.

Niliwaza nije kwako nimpunguzie mzigo. Nikamgusia, akasema chumba chako kimejaa mashine. Sawa, mwanangu. Mashine ndizo riziki yako, siwezi kuja kuzitoa.

Usimwambie. Atajisikia vibaya, na ana mengi kichwani.

Mama yako


Jumanne, 1 Julai

Dada, shikamoo.

Naandika haraka, dereva amewasha gari. Hayo makombo ni ya siku moja tu, nilizidiwa. Tuyaache.

Nataka ufanye jambo moja. Kaa ule na Mama. Asubuhi, mchana, jioni. Kula chochote, hata mkate, hata saa moja asubuhi, ilimradi akuone unatafuna. Na mtazame na yeye anavyokula, usimpe mgongo. Usiniulize nimejuaje. Kuna mtu akijua nimekwambia hatanisamehe, na wewe ukijua yote utaumia bure.

Nilitaka kupiga simu, lakini simu anashika yeye. Na Jumapili nilikuwa na bibi harusi na wasimamizi wake wote, sikupata hata nafasi ya kukohoa.

Fanya tu, Dada.

Kidege


Jumanne, 1 Julai

Kidege,

Jana asubuhi nilimkuta Mama sakafuni, kati ya meza na sinki. Jasho limemlowesha nguo, maneno hayaungani, ananiita kwa jina la marehemu mama yake. Nilipiga ukelele ukafika bekari hapo jirani, fundi mpya akaja mbio na unga mikononi. Yeye na mwenye bekari ndio waliombeba, tukamlaza kwenye gari la mikate katikati ya trei, tukaenda kliniki.

Daktari akasema sukari imeshuka mno. Akauliza amekula nini tangu juzi. Nikamtajia yote: chai, mkate, mayai, wali na maharage, nimemwekea kwa mkono wangu. Akasema, "Sikuulizi umemwekea nini. Nakuuliza amekula nini." Nimeosha vyombo siku zote hizo, sijui mama yangu amekula nini.

Walipomtundikia maji ya sukari akili ikamrudia. Akaniona nalia. Unajua kitu cha kwanza alichosema? "Mkate umo kwenye kabati la chini, umekauka kidogo, lakini ukichovya kwenye chai unalika." Nilipofika nyumbani nilifungua kabati. Vipande vya siku nyingi, vimefungwa kwenye vitambaa safi, kila kimoja kimeng'atwa pembe moja. Nilikaa chini jikoni nikavitafuna vyote, ngano na gluteni na kila kitu, vikavu vile vile, na sikuangalia saa.

Na mimi walinitoa damu, maana daktari hakupenda rangi ya macho yangu. Nikamsimulia habari za ngano na saa sita na saa nane. Hakunicheka. Alisema wapo watu ngano inawadhuru kweli, na wapo waliofunga hivyo wakapata nafuu, lakini mtu akijisikia mchovu namna hii huanza kwa kupimwa, haanzi kwa mteja wa saluni. Kwangu hakuona kosa la ngano. Damu ni kidogo, amenipa vidonge. Halafu akauliza nalala vipi usiku. Nilianza kumweleza, lakini sikumaliza. Nesi alinikuta nimelala kwenye kiti, kichwa juu ya meza ya daktari, na daktari amehamia chumba kingine na wagonjwa wake.

Sikukupigia simu. Nilijua ningetamka maneno ambayo siwezi kuyarudisha. Mama anatoka kesho.

Dada yako


Jumamosi, 5 Julai

Kidege,

Barua yako ilinifikia Jumanne jioni, dereva aliichukua wakati anakupa yangu. Nilimsomea Mama ile sehemu ya mtu ambaye hatakusamehe. Akainamisha kichwa, akasema, "Nilimwandikia mimi. Jumamosi."

Jumamosi! Mama alianguka Jumatatu. Jumapili nzima ilikuwa katikati, na simu mkononi mwako, na bekari ina simu yake ambayo namba yake imeandikwa kwenye kila mfuko wa mkate unaokula kwa siri. Hukukosa namna. Ulijua kwamba ukiniambia, nitakuuliza tena kile nilichokuuliza tangu mwanzo. Bibi harusi angesubiri kidogo, angeolewa tu.

Nimeandika ukurasa mzima wa matusi nikauchana. Mama alisema nikupelekee yale ya maana tu, basi ya maana ni haya.

Barua hii ameibeba Mama mwenyewe. Unapoisoma yuko mlangoni kwako, au bado yuko kwenye gari, kiti cha mbele karibu na dereva, na mto chini ya miguu. Nimemfungia nguo za kutosha, kwa hiyo usijidanganye kwamba amekuja kutembea. Mashine zako weka unapotaka, hata juu ya kitanda chako. Dereva na mwenzake wameahidi kukusaidia kuzibeba, nimewaomba mimi.

Mama hali akiwa peke yake. Hilo litie akilini kuliko vidonge. Ukimwekea sahani ukaondoka atasema amekula. Ketini pamoja, chota wewe kwanza, naye atachota. Asubuhi kabla ya vidonge lazima awe amekula cha kueleweka. Usiku ataita mara moja au mbili. Anaita kwa sauti ndogo kwa sababu anaona haya kukuamsha, kwa hiyo mlango wako uwe wazi. Maji yasiwe ya moto sana, ila atakwambia ni ya baridi.

Mwenye bekari amenipa likizo. Fundi mpya ndiye aliyeniombea, amekiri mbele ya wote kwamba mikate yake inapasuka mgongoni na hajui kwa nini. Najua kwa nini, nitamwambia nikirudi. Tanuri limeahidiwa kwangu kama nitarudi macho yamefunguka.

Nakupenda na nimekukasirikia, vyote viwili kwa pamoja, na kwa sasa hasira ndiyo kubwa. Usinipigie simu kuniuliza chochote ambacho Mama anaweza kukujibu mwenyewe. Nakwenda kulala.

Dada yako


Jumanne, 15 Julai

Dada, shikamoo.

Jumamosi nilikuandikia barua ndefu kukueleza jinsi tulivyo wazima na jinsi chumba kilivyopendeza. Niliisoma tena, nikaona ni ile ile tabia yangu, nikaichana. Naanza upya.

Nimechoka.

Sikujua, Dada. Nilikuwa nasoma barua zako nikidhani unaumwa. Nilikuwa natafuta kitu ndani ya mwili wako cha kulaumu, mara ngano, mara saa za kula, kwa sababu kama kosa lingekuwa ndani ya mwili wako lisingenihusu. Sasa wateja wanafungua mlango asubuhi wananikuta nimevaa kanga ya kulalia, kijiko mkononi, Mama anangoja mimi nichote kwanza. Siku ya pili nilijaribu kumwekea chakula nikakimbilia nywele za mtu. Niliporudi sahani ilikuwa tupu na Mama amejipangusa mdomo. Nikafungua hotipoti. Kilikuwamo chote.

Nilimpigia kelele. Nakwambia ukweli, nilimpigia kelele mama yetu mbele ya mteja mwenye povu kichwani. Mteja akajifanya anasoma gazeti. Nikaketi, nikachota, na yeye akachota. Tulikula tumenuniana mpaka mwisho, lakini tulikula.

Usiku anaita kwa sauti ndogo kama ulivyosema. Wiki ya kwanza sikumsikia, akajaribu kwenda mwenyewe, nikamkuta ameshika ukuta katikati ya njia, ananiambia rudi ulale mwanangu. Sasa nalala mlango wazi na sikio moja liko macho. Ngozi yangu haing'ai tena. Yule mteja wa viatu alikuja juzi, akaniambia naonekana nimechoka, niangalie habari ya ngano. Nilimvuta nywele kwa makusudi.

Sikuombi umrudishe. Ningependa kukuomba, na kalamu imeshasimama hapa muda mrefu ikiniomba niombe, lakini sikuombi. Lala. Ukishalala vya kutosha rudi kwenye tanuri lako, kisha tukae tupange sisi wawili, miezi yako na miezi yangu. Kilichobaki ni kwamba nilijua siku nzima nikanyamaza, na kila nikimshika Mama mkono kumsimamisha usiku nakumbuka hilo.

Mama yuko hapa pembeni, ameniuliza naandika nini. Nimemwambia namwandikia Dada. Anakusalimu sana. Amesema nikwambie anakula vizuri, na nisikwambie kwamba leo mchana alikula nusu tu, akasema ameshiba.

Nimekwambia. Jioni hii nimefunga saluni mapema, na tutakaa mezani mpaka sahani iishe.

Kidege